Mashini ya masomo na ya gemu: tununue ipi kwa pesa kidogo?

Mwezi huu nimeombwa niandike juu ya kompyuta za mkononi, zile ambazo hapa kwetu tunaziita mashini. Tangu likizo ilipoanza, haipiti wiki bila mzazi kunifuata baada ya darasa na swali lile lile: mwalimu, mtoto anataka mashini, nimnunulie ipi?

Niseme kwanza kwamba mimi si fundi. Ni mwalimu wa kujitolea, nimemaliza sekondari, na kompyuta nimejifunza kwa kukosea. Kosa langu la kwanza lilinigharimu motisha ya miezi saba. Nilinunua mashini mjini kwa mtu aliyesema haijatumika sana. Pale kwake iliwaka vizuri kabisa, imechomekwa kwenye umeme. Nilipofika nyumbani nikachomoa waya, ikazima hapo hapo. Betri ilikuwa imekufa zamani. Wiki ya pili nikajaribu kuisafisha nianze upya, ikaniuliza neno la siri la kampuni moja ya Ulaya. Kumbe ilikuwa mali ya ofisi fulani na ilifungwa kutoka huko mbali. Nikampigia muuzaji, simu haipatikani. Mpaka leo ile mashini iko chini ya kitanda changu, naweka vitabu juu yake.

Kwa hiyo haya ninayoandika nimeyalipia.

Mwezi uliopita alinijia mama mmoja wa hapa Bugarama anayeuza ndagala. Zamu yake ya likelemba ilikuwa imefika, na pesa alikuwa amezifunga kwenye kitenge. Akaniambia: «Mwalimu, huyu kijana ananichokesha. Anasema mashini ni ya masomo, lakini nikimsikiliza na wenzake ni gemu, gemu, gemu. Wewe uniambie ukweli, ni ya masomo ao ni ya kuchezea?»

Nikamjibu: «Mama, ni vyote viwili, na tusimlazimishe aseme uongo.»

Hili nalisema kwa wazazi wote. Kijana akiogopa kutaja gemu, atachagua mashini kwa siri moyoni, na sababu atakazokupa zitakuwa nyingine. Mtafika dukani yeye anatafuta taa nyekundu za kibodi, wewe unatafuta bei, na muuzaji atawashinda wote wawili. Afadhali aseme wazi: nataka kuandika kazi za shule, na nataka kucheza mpira na wenzangu. Hapo tunaweza kutafuta kitu kinachoweza yote mawili.

Pia si kweli kwamba gemu ni upotevu tu. Wengine wamesikia habari za Lual Mayen. Alizaliwa wakati wazazi wake wakikimbia vita vya Sudan Kusini, akakulia katika kambi ya wakimbizi kaskazini mwa Uganda. Mwaka 2007 aliona kompyuta kwa mara ya kwanza pale walipokuwa wakiandikishwa, akamwambia mama yake anaitaka. Mama yule alikusanya pesa miaka mitatu, kimya kimya, mpaka zikafika dola 300, akamnunulia. Mtoto alipoipata, kambini hapakuwa na umeme. Alikuwa anatembea mwendo wa saa tatu kwenda kuichaji, saa tatu nyingine kurudi. Gemu moja ya kwanza aliyoiona ilikuwa ya GTA, akajiuliza kama gemu inaweza kufundisha amani pia. Akajifunza mwenyewe kutengeneza gemu, ya kwake akaiita Salaam, na mwaka 2018 alitambuliwa kwenye tuzo kubwa za gemu huko Marekani.

Nilipomsimulia mama wa ndagala, hakushangaa sana habari ya tuzo. Aliuliza: «Saa tatu kwenda kuchaji?» Na kweli swali ni hilo.

UMEME KWANZA, RANGI BAADAYE

Watu wengi huanza kuuliza mashini ina nguvu gani. Sisi tuanze kuuliza inakula umeme kiasi gani. Jibu limeandikwa kwenye chaja. Geuza kile kisanduku cha chaja usome herufi ndogo, utaona wati, yaani W. Kama W haipo, zidisha namba ya volti upande wa kutokea kwa namba ya ampea. Mfano volti 19.5 mara ampea 3.34 ni kama wati 65.

Mashini za kawaida za ofisi zina chaja ya wati 45 au 65. Ukiwa unaandika au kusoma tu, mara nyingi zinakula wati kumi hivi. Mashini zinazotengenezwa maalumu kwa gemu, zenye kadi yake ya picha, chaja yake ni wati 150, 180, hata zaidi, nzito kama tofali. Ukicheza bila waya, betri yake inaweza kwisha kabla ya saa moja.

Sasa tupige hesabu ya hapa kwetu. Tuseme familia ina paneli ya jua ya wati 50. Siku ya jua zuri unaweza kupata kama wati-saa 200, ukiondoa kinachopotea njiani unabaki na pungufu yake. Betri ya mashini ya ofisi ni kama wati-saa 50 hadi 60. Basi unaijaza, na simu na taa zinapata zao. Ile ya gemu itakunywa jua lote la siku kwa mchezo wa saa moja na nusu, na usiku mtakaa gizani. Paneli ndogo za taa, za wati 10 au 20, hizo usizitegemee kwa mashini yoyote. Na anayelipia kuchaji kwenye butike ajue kwamba mwenye butike akiona lile tofali la chaja atapandisha bei, na ana haki.

Kwa sababu hiyo mimi siwashauri wazazi wa hapa kununua mashini ya gemu, hata ikipatikana kwa bei ya kutupa. Vijana wamenikasirikia kwa neno hili. Nimezoea.

TULIVYOKWENDA RUMONGE

Jumamosi moja tulitoka, mama, kijana wake na mimi, tukaenda Rumonge mjini. Bei sitaziandika hapa. Zinapanda na kushuka pamoja na dola, na nikiandika leo, mwezi ujao mtasema mwalimu amewadanganya. Lakini mashini tatu tulizoziona naweza kuzieleza, maana hizo hizo mtazikuta popote, iwe Rumonge, Bujumbura, Uvira au Kigoma.

Ya kwanza ilikuwa mpya, ya bluu, nyembamba, bado ina nailoni. Mama aliipenda sana, na bei yake ilikuwa ndogo kuliko zote. Nikasoma karatasi yake: prosesa ya Celeron, RAM ya GB 4, diski ya GB 64 ya aina ya eMMC. Ndugu wasomaji, hapa ndipo wengi wanaanguka. Windows 11 yenyewe inataka diski isiyopungua GB 64, kwa hiyo nafasi ya kijana kuweka kitu ni karibu hakuna. Tena katika mashini nyingi za namna hii RAM na diski vimelehemewa ndani, huwezi kuongeza kesho ukipata pesa. Inafungua ukurasa mmoja wa maandishi, ukifungua wa pili inaanza kufikiri. Upya wake ni wa nje tu. Mama alisikitika kuirudisha.

Ya pili ilikuwa ile ya kijana. Kibodi inawaka nyekundu, feni mbili, kadi ya picha. Alishika kama anashika mtoto mchanga. Sikusema kitu, nikamwomba tu muuzaji atuletee chaja. Ikaandikwa wati 180. Nikampa kijana abebe ile chaja kwa mkono mmoja huku tukizungumza. Baada ya dakika chache akaiweka mezani mwenyewe.

Ya tatu ilikuwa nyeusi, mbaya, na kifuniko kina alama ya gundi pale palipokuwa na stika ya ofisi. Dell Latitude. Mashini za jamii hii, pamoja na ThinkPad za Lenovo na EliteBook za HP, zilitengenezwa kwa ajili ya ofisi. Ofisi za Ulaya na Marekani hubadilisha baada ya miaka michache na kuziuza, nazo hufika kwetu kama mitumba. Mwili wake ni mgumu, vipuri vinapatikana, na nyingi unaweza kuzifungua kwa bisibisi ukaongeza RAM au kubadilisha diski. Ilikuwa na prosesa ya i5-8250U, RAM ya GB 8, diski ya SSD ya GB 256.

Nieleze namba hizo kidogo, maana ndizo za kukariri. Katika i5-8250U, ile 8 inayofuata kistari ndiyo kizazi cha prosesa. Tafuta kuanzia 8 kwenda juu. Zikianza na 10, 11 au 12, hivyo ni vizazi vya karibu zaidi. Kwa nini 8? Kwanza, kizazi hicho kilileta viini vinne vya kazi katika mashini ndogo za i5, ambapo cha 7 kilikuwa na viwili. Pili, Windows 11 haikubali rasmi prosesa nyingi za chini ya hapo, na Microsoft iliacha kutoa marekebisho ya kawaida ya usalama ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Mashini ya Windows 10 haifi, bado inafanya kazi, ila ukiingia nayo kwenye intaneti mlango wake hauna kufuli jipya. Mwenye mashini ya zamani anaweza kuweka Linux kama Ubuntu au Mint, ni bure, kwa masomo inatosha sana. Kwa gemu, baadhi zitakataa.

RAM iwe GB 8. Nne haitoshi tena. Diski iwe SSD na siyo ile ya zamani inayozunguka, maana SSD inaamka haraka, inakula umeme kidogo, na haiharibiki upesi ikitikiswa kwenye pikipiki. Ukikuta mashini nzuri yenye diski ya kuzunguka, usiikatae, omba punguzo ubadilishe diski baadaye. Na kijana wa gemu asikie hili: ukikuta yenye prosesa ya AMD Ryzen 5 iliyoandikwa Radeon Vega, kwa bei ile ile, chukua hiyo. Picha zake za gemu ni bora kuliko za Intel za wakati ule, na chaja ni ile ile ndogo. Tena RAM ikiwa vipande viwili vya 4 badala ya kimoja cha 8, gemu inakwenda vizuri zaidi. Ni jambo dogo lakini ni la kweli.

KABLA PESA HAIJATOKA MKONONI

Muuzaji alituambia mashini ni safi. Nikamwomba dakika arobaini. Alikunja uso, lakini mama alikuwa ameketi na kitenge chake mapajani, pesa inaonekana, basi akakubali.

Kitu cha kwanza, chomoa waya. Iwake kwa betri yake. Hilo mimi sikufanya mara ile. Kisha andika cmd kwenye sehemu ya kutafutia, na ndani yake andika powercfg /batteryreport. Itakutengenezea ukurasa. Tafuta mistari miwili: DESIGN CAPACITY ni ujazo wa betri ilipotoka kiwandani, FULL CHARGE CAPACITY ni ujazo wake leo. Yetu ilikuwa 60,000 na 41,000, yaani karibu theluthi moja imekwisha. Si mbaya kwa mtumba, lakini ni sababu ya kupunguziwa, na mama alipunguziwa. Ikiwa chini ya nusu, hesabu bei ya betri mpya ndani ya bei ya mashini.

Cha pili, izime na kuiwasha upya, uone kama inadai neno la siri kabla ya Windows. Ikidai na muuzaji halijui, ondoka. Mwombe aisafishe mbele yako mpaka ianze kama mpya, ukiangalia. Ikitaja jina la kampuni au shule, ondoka pia, hata kama atakuapia. Hiyo ndiyo ndugu ya ile yangu iliyo chini ya kitanda.

Kisha fungua sehemu ya kuandikia, bonyeza kila kitufe kimoja kimoja. Angalia herufi zimekaa namna gani: shule zetu na za Burundi wamezoea kibodi ya Kifaransa, AZERTY, lakini mashini nyingi zinazopitia Dubai au Tanzania ni QWERTY. Si ugonjwa, mtoto atazoea. Chomeka flashi kila tundu. Fungua na kufunga kifuniko mara kumi, sikiliza bawaba. Cheza video au gemu dakika ishirini bila kusimama, uguse chini: joto ni kawaida, kuzima ghafla siyo. Angalia na kichwa cha chaja. Kama ni cha pini tatu za mraba kitakuhitaji adapta, maana soketi za Burundi ni za pini za duara.

Na sisi wa kando ya ziwa tuna jambo letu. Miaka hii ziwa Tanganyika limepanda sana, na mwaka 2024 maji yaliingia nyumba na maduka mengi ya ufukweni. Mashini iliyolowa inaweza kuwaka mwezi mmoja ndipo ife. Geuza uangalie skrubu za chini. Zikiwa na kutu, au ndani ya matundu kuna ukijani, rudisha.

Mwisho wa yote, karatasi. Muuzaji aandike jina lake, simu yake, tarehe, bei, na namba ya mashini iliyo chini yake. Mkimbizi akikutwa na mashini bila karatasi, ni neno lake dhidi ya la mwingine. Mama hasomi vizuri, lakini ile karatasi aliikunja akaiweka pamoja na karatasi za familia.

NA GEMU JE?

Kijana alirudi amenyamaza njia nzima. Jioni ile tukamwekea PES 2013, mashini mbaya ikaikimbiza bila kukwama. GTA San Andreas, ambayo ni ya mwaka 2005 kwenye kompyuta, nayo inacheza bila shida. Gemu za mpira za miaka hii zinataka nafasi ya GB 100 na kadi ya picha, hizo asahau. Zile za kucheza na watu kwa intaneti, kama Fortnite, zitamaliza bando kabla hajafunga hata goli la maneno. Onyo moja tu: gemu zinazopitishwa kwa flashi kutoka mkono hadi mkono ndizo zinazoleta virusi, na virusi vinakula kwanza kazi za shule. Kazi zake azihifadhi pia mahali pengine, hata kwenye flashi yake peke yake.

Kwa masomo tuliweka LibreOffice ya kuandikia na hesabu, GeoGebra, na Kiwix, ambayo inakuwezesha kusoma Wikipedia yote iliyopakuliwa bila intaneti. Anayejiandaa kwa mtihani wa Exetat atanishukuru kwa hiyo Kiwix. Tuliweka pia Scratch, ambayo ni ya kutengeneza gemu ndogo. Nilidhani ataidharau kuwa ni ya watoto. Wiki ya pili alinionyesha mtumbwi wake unaokwepa mawimbi na kuokota samaki. Mtumbwi unapinduka ovyo, anasema bado anautengeneza.

Shida haikukosa. Siku moja alicheza usiku mpaka chaji ikaisha, na asubuhi alikuwa na kazi ya jiografia ya kuandika. Mama hakupiga kelele. Aliweka sheria: chaji ya masomo analipa yeye, ya gemu kijana anajilipia mwenyewe kwa kuwatekea jirani maji. Nimeuliza kama sheria inashikwa. Mama anasema kuna siku, na kuna siku.

Kwa wale ambao pesa haifiki, nawashauri familia mbili au tatu mchange mnunue moja nzuri badala ya kila mtu kununua ile ya bluu. Andikeni zamu kwenye karatasi na itundikwe ukutani, kabla mashini haijafika nyumbani. Mnaotaka kwenda kununua, njooni darasani Jumamosi saa mbili asubuhi, tutatoka pamoja. Aliyekwisha ona mashini fulani anaweza kuniletea picha ya chaja na ya stika ya chini, hiyo inatosha nimwambie kitu. Ila njooni kabla ya kulipa.